Kanisa letu la zamani liwe chumba cha kusomea: lazima tulikate katikati?

Binti_wa_Katuba

Salamu kwenu wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Parokia yetu ilijenga kanisa jipya na kubwa, na Misa zote zimehamia huko miaka sita sasa. Lile la zamani limebaki pembeni mwa uwanja, la matofali mekundu ya udongo wa kichuguu, limejaa viti vibovu na magunia ya simenti. Halmashauri ya parokia imekubali ligeuzwe chumba cha kusomea wanafunzi. Nimelipigania hilo mwenyewe, maana huku umeme ukikatika mtoto anasoma kwa mshumaa huku wenzake saba wamelala chumba hichohicho.

Kinachoninyima usingizi ni ramani iliyoletwa. Fundi aliyepewa kazi anataka kumwaga dari ya zege nusu ya urefu wa kuta ili tupate ghorofa, na kukata boriti zinazovuka juu toka ukuta hadi ukuta, eti zinaziba. Jumamosi niliingia na kamba ya kupimia. Ndani ni mita 9 kwa 24, na toka sakafuni hadi kwenye boriti ni mita 6 na nusu. Madirisha ni marefu, ya tao, saba kila upande. Hiyo dari ingelipitia kila dirisha kiunoni: wasomaji wa chini wabaki gizani, wa juu jua liwapige magotini.

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Nikiwa mdogo alinionyesha tofali moja karibu na mlango wa sakristia lenye unyayo wa mbwa. Mbwa alilikanyaga likiwa bado bichi, likachomwa hivyohivyo. Lipo mpaka leo, na kwenye ramani ukuta huo unapigwa plasta. Je, kuna njia ya kuongeza nafasi bila kuliua kanisa?

fundi_kichuguu

Dada, boriti zile mtu asiziguse, hata moja. Paa la mteremko husukuma kuta nje siku zote, usiku na mchana. Boriti inayovuka ndiyo inayozishika zisiachane. Niliwahi kuitwa kwenye ghala moja walikokata tatu ili wapitishe mizigo. Nyufa zilianzia juu ya matao ya madirisha, na msimu wa mvua uliofuata kiganja changu kilikuwa kinaingia.

Halafu uzito. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu ina kilo 30 hadi 40. Panga rafu sita moja juu ya nyingine, kisha ongeza zege lenyewe na watoto. Kuta zile zilijengwa kubeba paa, basi. Mkitaka ghorofa, isimame kwa miguu yake ya chuma, na misingi yake iwe mbali na msingi wa ukuta. Msichimbe kando ya ukuta hata kidogo.

Plasta ya simenti pia ikatae. Tofali la kichuguu ni laini, linanyonya maji na kuyatoa. Ukilifunika kwa simenti, maji yanakwama ndani na uso wa tofali unabanduka kama maganda. Pale inapobidi kuziba, tumieni chokaa. Mawe yake tunayo hapa Katanga, Kakontwe karibu na Likasi.

Msomaji_Bukavu

Anachosema fundi nimekiona kwa macho yangu. Nilisoma Ubelgiji, na mara nyingi nilivuka mpaka kwenda Maastricht, Uholanzi. Pale kuna kanisa la Wadominiko lililowekwa wakfu mwaka 1294. Jeshi la Ufaransa liliteka mji mwaka 1794, watawa wakaondoka, na baadaye likatumika kwa mambo mengi, hata kuegeshea baiskeli. Mwaka 2006 likawa duka la vitabu.

Shida yao ilikuwa kama yako. Walihitaji mita za mraba 1,200, sakafu ikawapa 750. Wasanifu, Merkx+Girod wa Amsterdam, hawakukata kanisa. Walisimamisha rafu kubwa ya chuma cheusi yenye ghorofa upande mmoja tu wa ukumbi, na upande wa pili wakauacha wazi mpaka juu. Unapanda ngazi katikati ya vitabu, ghafla michoro ya kwenye kuba iko karibu na uso wako. Ukishuka na kuvuka upande wa pili, kanisa zima bado liko mbele yako. Stoo na mitambo wameificha chini ya sakafu.

Pale palipokuwa patakatifu wameweka mkahawa na meza ya umbo la msalaba. Hiyo sikuipenda, nasema wazi. Lakini ile rafu ya upande mmoja, dada yangu, ichukue.

Katekista_mstaafu

Mwanangu, kabla ya chuma na zege, kuna barua? Halmashauri haina uwezo wa kugeuza kanisa. Kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa inampa askofu kazi hiyo, akishasikiliza baraza la mapadri, tena wenye haki juu ya jengo wakubali na matumizi mapya yasiwe ya aibu. Chumba cha kusomea hakina aibu yoyote. Ila altare ni jambo la pekee: kwa kanuni ya 1238 haipotezi wakfu wake eti kwa kuwa kanisa limegeuzwa, na ya 1239 inakataza isitumike kwa lolote nje ya ibada. Altare yenu iko wapi?

Goma_juu_ya_mawe

Kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu lilimezwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Ninyi bado mna paa, anzeni na hilo. Na fikirini mvua ya Desemba juu ya manjanja (mabati) matupu, hakuna atakayesoma. Wekeni dari ya mbao, lakini ifuate mteremko wa paa, isiwe bapa, ili ule urefu usipotee.

Binti_wa_Katuba

Baba katekista, swali lako lilinichoma. Altare ni ya jiwe, iko palepale, na magunia ya simenti yalikuwa yamepangwa juu yake. Jana jioni tuliyatoa na vijana wawili, magunia kumi na moja, nikaifuta kwa maji na kitambaa. Paroko alikuja akasimama nasi. Barua kwa askofu mkuu anaiandika wiki hii, na altare itahamia kwenye kikanisa cha masista.

Rafu ya upande mmoja nimeichora: upana wa mita 3, upande wa kusini, inaishia kabla ya sakristia. Halmashauri inakutana Alhamisi. Yaya fundi, nimeona ufa juu ya dirisha la tano. Nitajuaje kama bado unatembea?

fundi_kichuguu

Koroga jasi kidogo, bandika juu ya ufa kipande cha upana wa vidole vitatu, chembamba, kishike pande zote mbili. Andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka, nipigie picha kabla hamjapandisha chuma chochote.