Naombeni ushauri: naishi ugenini kwa kibali, niendelee kuandika siasa?

Habari zenu wakuu. Naishi nje kwa kibali cha kazi, na nchi niliyopo iko kwenye joto la kampeni. Wahamiaji ndio ajenda: nyumba zikipanda bei, sisi; foleni hospitalini, sisi. Kodi nakatwa kama mwenyeji, ila kura sina. (New Zealand angalau mkazi wa kudumu anapiga kura ya ubunge, lakini nchi za namna hiyo zinahesabika.)

Sasa, mtandaoni huwa naandika ninayoyaona, ya huku na ya nyumbani. Jamaa yangu kanishauri nifute yote kabla sijaomba kuongezewa kibali. Hoja yake ina uzito: Marekani, tangu 2019, fomu za viza zinataka majina ya akaunti za mitandao ya kijamii. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 19, unampa kila mtu uhuru wa maoni. Ibara ya 25, ya kupiga kura, ndiyo inayotaja raia. Kwenye karatasi niko salama. Afisa atakayeshika faili langu ni habari nyingine.

Nyumbani nako nikikosoa naambiwa, "Ulishaondoka, yanakuhusu nini?"

Mliowahi kuomba kibali upya au uraia, mliulizwa kuhusu mlichoandika? Na kufuta ghafla si ndiyo kunazidisha shaka? Matusi msilete, ninayo ya kutosha.