Flow Launcher haioni programu zisizosakinishwa

Swali: Deskitopu imejaa ikoni, nimeweka Flow Launcher, ya kufungulia programu kwa kuandika jina. Nikibonyeza Alt+Space inafunguka PowerToys Run (ya Microsoft, kazi ile ile), na programu nisizozisakinisha, zile zinazofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye folda, hazitokei kwenye Flow. Nifanyeje?

Jibu 1: Zote mbili huja na Alt+Space. Ibadilishe kwenye mojawapo, au zima PowerToys Run. Mbili za nini?

Jibu 2: Programu hizo haziko kwenye menyu ya Start, ndiyo maana. Kwanza hamishia folda zake mahali pa kudumu, maana ukizihamisha baadaye njia za mkato zinakufa. Kisha Win+R, andika shell:programs, Enter. Bandika humo njia za mkato, siyo faili za exe (za programu) zenyewe, uzipe majina mafupi. Mwisho, kwenye mipangilio ya Flow, plagini ya Program, bonyeza Reindex ili iorodheshe programu upya.

Jibu 3: Ikoni usifute. Bofya kulia kwenye deskitopu, View, ondoa tiki ya Show desktop icons. Faili zinabaki.