Kabla Mfuniko Haujafungwa

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa wote. Nimenunua sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ile yenye chungu kizito ndani na kitufe cha joto la chini na joto la juu. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, na ningependa nikirudi nikute chakula kimeiva. Naomba maelekezo kabla sijaanza, kwa sababu kijitabu kilichokuja nayo kimeeleza kwa kirefu namna ya kuiosha, lakini namna ya kuipikia kimeipitia juu juu.

Mjomba: Marahaba. Jibu ni fupi: tia nyama, tia maji, funika, nenda zako.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mjomba wako amekupa robo ya jibu. Sufuria hiyo haina haja nawe ikishafunikwa, na ndiyo sababu kila lenye maana hufanyika kabla ya kufunika. Anza na uchaguzi wa nyama. Chukua sehemu ambazo mnyama alizitumia sana alipokuwa hai, yaani shingo, bega, muundi, kidari au mkia, kwa kuwa zimejaa tishu ngumu zenye kolajeni. Kolajeni hiyo ikikaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 70 za Selsiasi hivi, huyeyuka ikawa jelatini, na jelatini ndiyo inayoifanya nyama ilegee na mchuzi ushike mdomoni. Sarara haina kitu hicho. Ukiipika saa nane itatoa maji yake yote na kubaki nyuzi kavu, nawe utadhani sufuria ni mbovu.

Dada Mkubwa: Naongezea kwamba nyama inayopikwa namna hii hupita katika kipindi cha ukaidi. Ukiionja katikati ya safari utaikuta ngumu kuliko ilivyokuwa saa moja kabla, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kujikaza ilhali kolajeni bado haijayeyuka. Wengi hukata tamaa hapo na kusema imepikwa kupita kiasi, kumbe haijapikwa vya kutosha. Dawa yake ni kuiacha.

Kitindamimba: Nimeelewa kuhusu nyama. Je, maji yawe kiasi gani? Nimezoea kufunika nyama yote kwa maji.

Shangazi: Hapo ndipo utakapoona tofauti kubwa na sufuria ya kawaida. Jikoni unapochemsha, mvuke hutoka na mchuzi hupungua, hivyo umezoea kutia maji mengi kwa kufidia yatakayopotea. Katika sufuria hii mvuke hugonga mfuniko na kurudi ndani, na juu ya hayo nyama, vitunguu na nyanya hutoa maji yao wenyewe, kwa hiyo utamaliza ukiwa na maji mengi kuliko uliyotia. Kwa kitoweo, kioevu kikifika nusu ya kimo cha nyama kinatosha. Kwa supu, funika vitu vyako kwa maji, usizidishe. Ikiwa mchuzi utakuwa mwepesi hata hivyo, uhamishie katika sufuria ndogo uchemke bila mfuniko hadi upungue, au koroga kijiko cha unga wa wanga katika maji baridi na kuumimina ndani nusu saa kabla ya kupakua. Chumvi pia itie kwa mkono mwepesi mwanzoni na uikamilishe mwishoni.

Mjomba: Na kujaza je? Mimi hupenda kujaza mpaka juu ili mpishi apumzike siku mbili.

Mama Mdogo: Usijaze mpaka juu, kaka yangu. Sufuria hizi hufanya kazi vizuri zikiwa kati ya nusu na theluthi mbili. Ikiwa tupu mno chakula hukauka pembeni, na ikijaa mno katikati huchelewa kupata moto. Kuchelewa huko mimi ndiko kunakonisumbua kuliko ladha. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kazi ya mpishi ni kukivusha chakula katika eneo hilo haraka iwezekanavyo. Kwa sababu hiyo nyama iliyoganda isitiwe humo kamwe. Iyeyushwe kwanza ndani ya friji hadi barafu iishe kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo tia supu au maji yaliyokwisha kupata moto, na ukiweza washa joto la juu kwa saa ya kwanza kabla hujashusha. Kuku, awe mzima au vipande, apimwe kwa kipimajoto katika sehemu iliyo nene zaidi na afike nyuzi 74.

Kaka: Nina swali juu ya kukaanga nyama kwanza. Nilivyofundishwa ni kwamba kukaanga hufunga utamu ndani usitoke. Ikiwa ndivyo, ni lazima au ni hiari?

Shangazi: Kukaanga hakufungi chochote. Sauti ile unayoisikia nyama inapogusa kikaango ni maji yakitoka na kugeuka mvuke, na yataendelea kutoka hata nyama ikiwa na rangi ya kahawia kila upande. Imani hiyo ilienea katika karne ya 19, na bado inarudiwa kwa sababu matokeo ya kukaanga ni matamu kweli. Utamu huo unatokana na uso wa nyama kukauka na kupata moto unaozidi nyuzi 140 hivi, ambapo protini na sukari huungana na kuzaa mamia ya harufu mpya. Sufuria ya polepole haifiki huko hata ukiiacha wiki nzima, maana ndani yake kuna maji, na maji hayapiti nyuzi 100. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ni hiari, ila mimi siiachi. Pangusa nyama ikauke, kikaango kiwe na moto mkali, kaanga vipande vichache kwa zamu, kisha mimina maji kidogo kikaangoni na kukwangua kile kilichoganda chini. Hicho kilichoganda usikitupe, maana ndicho nusu ya mchuzi wako.

Dada Mkubwa: Vitunguu, saumu na viungo vya unga navyo vipitie kikaangoni. Kitunguu kibichi kinachotiwa moja kwa moja hubaki na ukali fulani hata baada ya saa nyingi, na viungo vya unga visivyoonja mafuta ya moto hubaki na ladha ya vumbi.

Kitindamimba: Na mpangilio ndani ya sufuria una maana yoyote, au nichanganye tu?

Shangazi: Una maana kubwa. Karoti, viazi na mizizi mingine huiva polepole kuliko nyama katika chombo hiki, jambo linalowashangaza wengi, kwa hiyo ziwe chini na kando karibu na joto, nyama ikae juu yake. Mboga laini kama mchicha na njegere mbichi ziingie dakika ishirini au thelathini za mwisho. Maziwa, krimu na mtindi vije mwisho kabisa, la sivyo vitakatika. Majani mabichi ya viungo na maji ya ndimu tia ukiwa umekwisha kuzima, kwa sababu harufu yake haivumilii safari ndefu.

Mjomba: Sasa nami nijibiwe. Kufunua mfuniko kidogo ili kutazama kuna ubaya gani?

Dada Mkubwa: Kila unapofunua, Mjomba, joto lililokusanywa linatoka, na sufuria huhitaji dakika 20 hadi 30 hivi kulirudisha, kwa kuwa nguvu yake ya moto ni ndogo. Ukifunua mara nne umeongeza saa nzima au zaidi. Mfuniko mwingi ni wa kioo. Tazama kupitia humo.

Mjomba: Kioo kinafanya ukungu.

Dada Mkubwa: Kigonge kidogo, matone yataanguka.

Kaka: Kuhusu vile vitufe viwili, je, joto la juu hupika kwa moto mkali zaidi?

Dada Mkubwa: Katika sufuria nyingi za aina hii, yote mawili huishia karibu na joto lile lile la kukaribia kuchemka, na tofauti ni muda wa kufika huko. Chakula kinachohitaji saa tatu au nne kwa joto la juu huhitaji saa saba au nane kwa joto la chini. Kwa kolajeni napendelea joto la chini, kwa sababu nyama haitikiswi na kuchemka. Alama ya tatu, ile ya kutunza joto, haipiki, na haifai kuanzia nayo wala kupashia kiporo.

Kitindamimba: Basi siku ya kwanza nitapika maharage mekundu, kwa sababu ni rahisi. Nitayaosha na kuyatia makavu asubuhi.

Mama Mdogo: Subiri mwanangu, hilo hapana. Maharage mekundu makubwa yana lektini ambayo ni sumu yakiwa mabichi, na hiyo huharibiwa na kuchemka kwa nguvu, siyo na joto la wastani. Sufuria ya polepole inaweza kuyalainisha maharage bila kuifikia nyuzi 100, na maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi tu yameonekana kuwa na sumu kali zaidi kuliko yale mabichi kabisa. Punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu mzima vibaya, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi tatu. Yaloweke kwa saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, yatie katika maji mapya na uyachemshe jikoni kwa nguvu kwa dakika 10 kwa uchache. Mimi huenda hadi 30. Baada ya hapo ndipo yaingie katika sufuria yako.

Mjomba: Lakini chombo chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya maharage! Nimepata kusoma kwamba Irving Naxon, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1940, alikiuza kwa jina la Naxon Beanery, na ni baada ya kampuni ya Rival kumnunua ndipo kilipoitwa Crock-Pot mwaka 1971.

Mama Mdogo: Habari hizo ni za kweli, na hazibadilishi neno hata moja katika niliyoyasema. Chemsha kwanza.

Shangazi: Nami naunga mkono. Zaidi ya hapo, nyanya, ndimu na siki zisitangulie maharage, maana asidi huzuia ganda lake kulainika, na maji yenye chokaa nyingi hufanya vivyo hivyo. Chembe ya magadi husaidia, lakini ikizidi huleta ladha ya sabuni. Chumvi, kinyume cha inavyosemwa mara nyingi, haiyafanyi maharage kuwa magumu. Ukiyaloweka katika maji yenye chumvi ganda hulainika vizuri zaidi. Dengu hazina usumbufu huu wote, na kama unataka wepesi anza nazo.

Babu: Nimewasoma nyote. Je, asiye na umeme afanyeje?

Shangazi: Shikamoo baba. Asiye na umeme achukue sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, aijaze vyema, ichemke kwa dakika kumi na tano hivi, kisha aitoe motoni na kuiweka mara moja ndani ya sanduku au kapu lililojazwa nyasi kavu au mablanketi pande zote, juu na chini. Joto lililomo litaendelea kupika kwa saa kadhaa bila kuni wala mkaa. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyo nusu, kwa hiyo hapa kanuni ya kujaza inageuka. Kabla ya kula irudishwe motoni ichemke tena, na maharage yapite kwanza katika ule mchemko aliousema mdogo wangu.

Kitindamimba: Swali la mwisho. Asubuhi sina muda. Naweza kuandaa kila kitu usiku?

Mama Mdogo: Unaweza, ila kwa utaratibu. Katakata mboga na uziweke katika bakuli lake, nyama katika bakuli jingine, vyote ndani ya friji. Usikilaze chungu cha ndani katika friji pamoja na chakula, kwa sababu kikiwa baridi huchelewesha joto, na kikipashwa ghafla kinaweza kupasuka. Nyama nayo usiikaange nusunusu usiku huo ukaiacha hadi asubuhi. Ama ikaange asubuhi, ama siku hiyo uache kukaanga. Saa ya kuchelewesha kuwaka, kama sufuria yako inayo, isitumike kuacha nyama mbichi ikisubiri zaidi ya saa mbili.

Kaka: Na umeme ukikatika mchana hayupo?

Mama Mdogo: Akirudi na kukuta ulikatika kwa muda asioujua, chakula kimwagwe hata kama kinaonekana kimeiva. Angekuwapo nyumbani angekihamishia kwenye jiko la gesi papo hapo na kukimalizia. Kiporo pia kisilale ndani ya chungu kile, maana kuta zake nene hushikilia uvuguvugu kwa saa nyingi. Kigawe katika vyombo vifupi, kiingie katika friji ndani ya saa mbili, na kesho yake kipashwe jikoni hadi kitokote.

Kitindamimba: Asanteni sana. Basi kesho ni shingo na karoti, na usiku huu naloweka maharage ya keshokutwa.

Mjomba: Karoti chini.

Kitindamimba: Karoti chini, Mjomba.