Mjadala: Je, Neil Jordan alikuwa na haki ya kumuua Ned Broy?

Mtoa mada:

Ndugu wasomaji, naomba tujadili filamu moja tu kati ya nyingi za Neil Jordan, mwongozaji wa Ireland, kwa sababu ndiyo inayogusa swali ambalo halijapata jibu tangu ilipotoka mwaka 1996: anayesimulia maisha ya watu waliokuwepo kweli ana ruhusa ya kuyageuza kwa kiasi gani? Filamu yenyewe ni Michael Collins, iliyotwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, nayo inamhusu kiongozi wa vita vya uhuru wa Ireland dhidi ya Uingereza aliyeviziwa na kuuawa huko Béal na Bláth tarehe 22 Agosti 1922, akiwa na umri wa miaka 31.

Kufupisha hakunisumbui. Matukio ya miaka sita hayaenei ndani ya saa mbili na robo bila watu wawili kufanywa mmoja, wala sioni kosa kubwa kumfanya Harry Boland, rafiki wa Collins, afie kwenye mifereji ya maji taka ya Dublin, ilhali alipigwa risasi hotelini Skerries, kwa kuwa Boland alikufa kweli na alikufa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilevile vilivyomuua Collins. Ninachokikataa ni kifo cha Ned Broy, askari kanzu wa Dublin aliyekuwa akimvujishia Collins nyaraka za wakubwa wake. Katika filamu Broy anakamatwa, anateswa na kuuawa ndani ya Ngome ya Dublin, makao ya utawala wa Waingereza, mwaka 1920. Broy wa kweli aliishi hadi 1972. Tena kuanzia 1933 hadi 1938 alikuwa mkuu wa polisi wa Ireland, cheo alichopewa na serikali ya Éamon de Valera, ambaye filamu hiyohiyo inamchora kama mtu aliyemgeuka Collins. Broy akishauawa mapema, mtazamaji hapati kamwe kujua kwamba mtu wa Collins aliweza baadaye kufanya kazi chini ya de Valera, na ugomvi wa mwaka 1922 juu ya mkataba na Uingereza unaonekana kana kwamba haukuwahi kupata suluhu yoyote.

Halafu kuna lile bomu la kwenye gari linalowaua askari waliotumwa kutoka Belfast. Mbinu hiyo ilikuja kuzoeleka Ireland miongo mingi baadaye. Filamu ilipigwa mwaka 1995, IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, ilipokuwa imesitisha mapigano. Februari 1996, kabla haijatoka, bomu la IRA lililipuka Docklands, London, na kuua watu wawili. Sishangai kwamba wengi Uingereza waliitazama kwa hasira.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, ila unamhukumu Jordan kana kwamba ni mwanahistoria. Huyu ni mzaliwa wa Sligo, 1950, aliyejulikana kwanza kwa hadithi fupi kabla hajashika kamera, na tangu filamu yake ya kwanza, Angel ya 1982, hadi The Crying Game, iliyompatia Oscar ya uandishi mwaka 1993, amekuwa akiuliza jambo lilelile: moyo wa mtu huwaje akishashika bunduki? Michael Collins nayo, ukiitazama vizuri, ni habari ya marafiki wawili, Collins na Boland, waliompenda mwanamke mmoja, Kitty Kiernan, kisha wakatenganishwa na mkataba wa 1921.

Kuhusu Broy, mauaji ya Ngome hayakubuniwa. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1920 mateka watatu, Dick McKee, Peadar Clancy na Conor Clune, waliuawa humo. Jordan aliuhamishia uchungu huo kwa mtu ambaye mtazamaji amekwisha kumzoea. Vivyo hivyo, mchana wa siku hiyo watu 14 waliuawa na vikosi vya Uingereza katika uwanja wa michezo wa Croke Park. Filamu inaonyesha gari la deraya likiingia uwanjani na kufyatua risasi, jambo ambalo halikutokea hivyo, lakini idadi ya wafu haikuongezwa ili kumpaka Mwingereza matope. Mkaguzi wa filamu wa Ireland aliruhusu hata watoto waitazame wakiwa na wazazi wao, wakati Uingereza ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 15. Watu wa Ireland wenyewe walijua wanachoonyeshwa.

Mtoa mada:

Hoja ya Kitty na Boland naikubali, na nakiri kwamba ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote katika filamu ile. Lakini umenipa silaha mwenyewe, ndugu yangu. McKee alikuwa kamanda wa brigedi ya Dublin. Matukio mawili ya awali yangetosha kumfanya azoeleke kwa mtazamaji. Badala yake watu watatu waliokufa wamepokonywa kifo chao, kikapewa mtu aliyeishi hadi uzeeni.

Na kuhusu Croke Park, mimi naona lile gari la deraya liliwapunguzia Waingereza lawama. Chuma hakina macho. Waliofyatua risasi siku ile walikuwa wamesimama kwa miguu yao, wakiwaona watu wakikimbilia kuta.