Naombeni ushauri: katuni ya Dungeons & Dragons ya utotoni nataka kuihamishia angani, niipange vipi?

Fundi_wa_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa kwa mnaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika.

Mimi, dada yangu na binamu yetu tumekua na katuni moja. Jirani alikuwa na deki na mikanda mitatu tu, na mmoja ulikuwa na vipindi vinne vya Dungeons & Dragons, ile iliyoanza kuonyeshwa na CBS ya Marekani mwaka 1983. Tuliviangalia mpaka mkanda ukachuja rangi.

Kwa ambaye hakuiona: watoto sita wanapanda kigari cha bembea kwenye viwanja vya burudani, kigari kinawatupa dunia nyingine. Mzee mmoja mfupi, Dungeon Master, anawagawia silaha za ajabu, anawapa fumbo, halafu ukigeuka hayupo. Hank ana upinde wa nuru, Eric ngao, Diana fimbo, Presto kofia, Sheila joho la kumficha asionekane, na Bobby, mdogo wao, rungu. Venger, mchawi mwovu, anazitaka silaha hizo. Watoto wanataka kitu kimoja tu, kurudi kwao. Vipindi 27 vikaisha, bado hawajarudi kubaki kwao. Kipindi cha kuwahitimisha kiliandikwa ila hakikutengenezwa.

Leo dada yuko Toronto, binamu yuko Muscat na mkewe, mimi nimebaki Dar. Tumekubaliana tucheze kila Jumamosi kwa simu ya video, mimi nikiwa msimulizi. Kwangu saa moja jioni, kwa binamu saa mbili, kwa dada ndiyo kwanza saa sita mchana. Wachezaji watatu, kila mmoja abebe watoto wawili. Nataka kisa kiwe cha anga za juu, si cha majoka na mapango.

Ninapokwama: sitaki silaha zote zigeuke bunduki za leza. Sijui mzee wa mafumbo awe nani kwenye dunia yenye kompyuta. Na kubwa kuliko yote ni lango la kurudi nyumbani. Kwenye katuni mara nyingi likifunguka wanaliacha ili wamwokoe mtu fulani. Utotoni nililia. Ila mchezaji mtu mzima ukimfungia mlango mara tatu, atasema msimulizi ananionea. Nifanyeje?

mzee_wa_dadu

Mkuu, kuhusu kanuni usihangaike. Chukua Traveller, mchezo wa Marc Miller wa mwaka 1977. Unatumia dadu za pande sita tu, hizi hizi za ludo. Huna haja ya kuagiza zile za pande ishirini, na dada yako huko aliko atazipata kwenye duka lolote la michezo.

Unarusha mbili, ukipata 8 au zaidi umefaulu. Matokeo 15 kati ya 36 yanakupa hivyo, yaani kama asilimia 42. Ukiwa na nyongeza ya moja unapanda hadi asilimia 58. Kwa watoto waliopotea hiyo ni hesabu nzuri: wanashindwa mara nyingi, lakini si kila mara.

Ruka ile sehemu ya kupitisha mhusika jeshini na kazini kabla mchezo haujaanza. Hiyo imetungwa kwa watu wa miaka 18 kwenda juu. Bobby ana miaka minane, hana historia ya kazi. Rusha zile sifa sita za mwanzo, umpe kila mtoto kifaa chake, muanze.

NyotaZaEldoret

Mimi nafundisha fizikia, na hili la lango ndilo limenigusa. Mlango usiufunge. Uache wazi kabisa, ila uwe na bei.

Iweke ile dunia yao kwenye nyota ya TRAPPIST-1, miaka 40 ya nuru kutoka hapa, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 40 kufika. Ni nyota halisi, na mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Zimebanana mno: zote saba zingeenea ndani ya njia ya Zebaki kulizunguka Jua letu. Ukisimama kwenye moja, jirani yake unaweza kumwona angani mkubwa kama mwezi. Mandhari hiyo hata bila uchawi inatosha.

Sasa lango liwe chombo kinachokwenda kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru. Kwa kasi hiyo muda chomboni huenda polepole kuliko nyumbani: ndani ya chombo safari ya kurudi ni miaka mitano na miezi minane hivi. Nyumbani inapita miaka 40 na kidogo. Bobby atashuka ana miaka kumi na minne, na mama yake atakuwa bibi kizee, kama bado yupo. Kila wiki mnayokaa kuokoa kijiji cha watu, na huko nyumbani wiki imepita. Hapo hakuna msimulizi anayemwonea mtu. Ni hesabu tu, na wachezaji wataamua wenyewe.

Tena sayari zilizo karibu hivyo na nyota yake inadhaniwa huigeuzia uso mmoja daima. Upande mmoja mchana usioisha, wa pili usiku usioisha. Katuni yenu ilikuwa na kipindi cha mji uliopo ukingoni mwa usiku wa manane, watoto wakiibwa. Kwenye TRAPPIST-1 huenda ukingo huo upo kweli, ni utepe wa machweo unaozunguka sayari nzima. Jengeni mji pale.

Fundi_wa_Tabata

Mwalimu, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Lakini hofu yangu ni kwamba wataona bei ni kubwa mno, wakate tamaa ya kurudi. Hamu ya nyumbani ikifa, katuni yenyewe imekufa.

NyotaZaEldoret

Basi punguza umbali. Nyota ya Proxima Centauri iko miaka 4.2 ya nuru. Kwa kasi ileile, nyumbani inapita miaka minne na miezi mitatu, chomboni miezi saba. Mama anakuwa ameshalia, ameshazoea, lakini yupo. Mimi binafsi ningeanzia hapo, halafu TRAPPIST-1 ije baadaye, wakishachagua vibaya mara moja.

Bint_Unguja

Assalaam alaykum. Mie naomba kofia ya Presto.

Kaka, kofia hiyo iwe mashine ya kuchapa vitu. Unaitamkia jina, inakutolea. Kasoro yake ni kwamba imejifunza Kiswahili kwa kusikiliza redio kutoka mbali, maneno inayajua, muktadha haina. Kwa hiyo ukirusha dadu ukakosa 8, inakupa maana *nyingine* ya neno lilelile. Umeomba kamba ya kushukia shimoni, unapata kamba wa kula, wabichi, ndoo nzima. Umeomba taa, anatoka taa samaki, anapigapiga mbawa sakafuni. Mbuzi wa maziwa anakuja mbuzi ya kukunia nazi. Paa la kujikinga na mvua linakuwa paa wa mwituni, anatimua mbio.

Na asiamue msimulizi kilichotoka. Aamue mchezaji mwengine, papo hapo. Halafu kitu kile kisitupwe, lazima kitumike kabla ya kisa kwisha. Presto kwenye katuni alikuwa akikosea, lakini mara nyingi kosa lake ndilo liliwaokoa.

Kiboko_ya_Ngano

Kuna jambo moja kuhusu Eric msilirithi. Yule analalamika kila kipindi na kila kipindi anaonekana mkosaji. Mark Evanier, aliyeandaa mfululizo ule, amewahi kueleza kwamba yalikuwa masharti ya washauri wa nje: kundi lina haki daima, anayelalamika amekosea daima. Kwa watoto wanaojifunza, naona lilikuwa somo baya kabisa. Mpe Eric kanuni yake: mara moja kila kikao akisema "tusiende," na ikaja kuthibitika alikuwa sahihi, ngao yake inapata nyongeza ya mbili kwa kikao kizima.

Silaha nyingine zisiue. Upinde wa Hank kwenye katuni ulikuwa wa kufungia, kumulikia, kukamatia mtu anayeanguka. Ufanye kifaa cha kuunganishia vyombo angani. Rungu la Bobby liwe nyundo ya kupimia miamba, linatikisa ardhi. Joho la Sheila linaficha mwanga lakini joto lake mwenyewe linabaki ndani, basi kila dakika anayojificha anazidi kuungua. Atajificha, ila atajua anajificha.

mzee_wa_dadu

La joho ninaliiba kwa meza yangu.

Na mzee wa mafumbo nimempata. Dungeon Master hayupo pale, yuko mbali. Muweke kwenye kituo kilicho umbali wa dakika themanini za nuru, kama kutoka hapa hadi Zohali. Anachokisema amekisema dakika themanini zilizopita, kabla hajajua mtakutana na nini. Ukimuuliza swali, jibu litafika ukiwa umeshaingia matatani. Kwa hiyo anasema kwa mafumbo kwa sababu anabahatisha mtakapokuwa, na anatoweka kwa sababu ujumbe umeisha.

Bint_Unguja

Hapo umenimaliza. Basi na watu wa nyumbani wawatumie watoto ujumbe namna hiyo hiyo. Sauti zilizorekodiwa, zinafika zimechelewa miaka.

Fundi_wa_Tabata

MREJESHO

Wakuu, jana tumecheza kikao cha kwanza, kwa muda wa saa tatu na nusu, hakuna aliyetaka kukata simu. Tumeanzia Proxima.

Dada ana Sheila na Presto. Kwenye ujia wenye giza aliomba taa. Dadu zikaleta 2 na 3. Kimya kidogo, kisha shemeji wa Muscat akasema taratibu, "Kuna kitu kinapigapiga sakafuni, kina mkia mrefu." Dada alicheka mpaka akaondoka kwenye kamera. Dakika kumi baadaye ule mkia wenye mwiba ndio walioutumia kufungulia mlango wa mtambo.

Eric alisema tusiende, nao wakaenda, na alikuwa sahihi. Binamu ameiandika ile nyongeza ya mbili kwa wino mwekundu.

Ujumbe wa nyumbani niliufanyia kazi wiki nzima bila kuwaambia. Nilimwomba mama arekodi kwenye simu yangu. Nilimweleza tu kwamba ni mchezo, watoto wamepotea mbali, azungumze nao. Alirekodi sekunde arobaini. Alisema wali ameuacha kwenye sufuria, ameufunika, na mlango wa nyuma hajaweka komeo. Niliucheza mwisho wa kikao, nikawaambia ulitumwa miaka minne iliyopita.

Binamu alizima maiki. Dada alikaa kimya, kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Halafu akaniuliza ile safari ya Proxima kwenda nyumbani ni miezi mingapi chomboni, nikamwambia saba, akaandika.

Jumamosi ijayo chombo kinakuwa tayari, na bado kuna watoto mia mbili wa ule mji wa machweo ambao Venger hajawachukua. Mwalimu wa Eldoret, nikokotolee tafadhali: wakichelewa miezi sita kuwasaidia, barua inayofuata ya mama niiandike ya tarehe gani?