Mrejesho: Kujifunza zumari ya mfuko ukubwani, nipo Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kama mtu mzima asiyejua muziki anaweza kujifunza ile zumari ya mfuko ya Waskoti (bagpipe), inayopigwa kwa mfuko wa hewa unaobanwa kwa mkono, akiwa huku Pemba, bila mwalimu. Ahsanteni sana nyote mlonijibu.

Nilimfuata kaka aliyesema mfuko niuweke kando, nianze na zumari ndogo ya mazoezi. Alisema kweli. Noti ni tisa tu, lakini sauti haikatiki, kwa hiyo noti moja ikijirudia huwezi kuitenganisha kwa ulimi; lazima kidole kiguse haraka katikati. Hapo nilikaa sana, na sasa vidole vinatii.

Mzee wa Chake aliyenielekeza kupuliza kwa mashavu huku pua ikivuta pumzi, shikamoo. Ni ufundi mkubwa wa wapiga zumari wetu, ila kwenye zumari hii, kazi hiyo inafanywa na mfuko.

Mfuko wenyewe bado haujanikubali. Kati ya mirija mitatu ya mvumo, ile inayotoa sauti moja isiyobadilika chini ya wimbo, nimeziba miwili, kama mlivyoshauri, na pumzi inatosha. Lakini nikiacha kupuliza nikaubana kwa mkono, sauti inayumba. Wimbo mzima sijaumaliza. Matete nayo, vile vijiti vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, hushiba unyevu. Kuyatoa na kuyaacha yakauke kivulini kumesaidia.

Na nimefurahi mno kujua kuwa zumari hizi huchongwa kwa mpingo, mti unaoota kwetu Tanzania bara.

Mwenye ujuzi wa kutuliza huo mkono, naomba anielekeze.