Mrejesho: tathmini ya mradi uliochelewa vijijini Vietnam

Habari zenu. Niliwaomba ushauri kuhusu mpango wa taifa wa Vietnam wa kuendeleza maeneo ya makabila madogo na ya milimani, awamu ya 2021–2025: ucheleweshaji upimwe vipi bila kuwatwisha wanavijiji lawama? Wengi mlisema nifuate njia ya fedha kwanza. Asanteni sana, ushauri umezaa matunda.

Bunge liliidhinisha mpango Juni 2020. Uamuzi wa Waziri Mkuu kuhusu awamu ya kwanza ukatoka Oktoba 2021, na fedha za serikali kuu zikagawiwa mikoa katikati ya 2022. Yaani zaidi ya mwaka mzima ulikwisha kabla jembe halijagusa ardhi! Na hapo bado kulikuwa na miongozo mingi ya wizara tofauti. Bunge lilikagua utekelezaji 2023, kisha Januari 2024 likapitisha azimio la kulegeza masharti.

Kwa hiyo asilimia ya fedha zilizotumika sitaifanya kipimo kikuu. Kipimo hicho huwasukuma viongozi kukimbilia barabara na majengo, ambayo hulipwa haraka, huku mifugo, mafunzo na ardhi ya kulima vikisubiri. Kaya ya Wahmong, mojawapo ya makabila madogo ya milimani, isiyo na shamba la kutosha haishibi lami.

Sasa naandaa maswali ya mahojiano. Nasisitiza wakalimani wanawake, kwa kuwa baadhi ya kina mama wazee hawazungumzi Kivietnamu vizuri, na sauti zao ndizo hukosekana kwenye ripoti.